Umebadilisha kadi ya grafiki na skrini ni nyeusi: kutafuta chanzo kwenye Windows, Linux na Mac

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba, iwe Kariakoo au mitaa ya katikati ya Nairobi, zilianza maisha yake ofisini: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na Core i5 ya mwaka 2012 bado inamudu kazi za kila siku. Kinachozikwamisha ni grafiki. Anayehariri video, anayechora ramani za nyumba au kijana anayependa magemu hununua kadi, huichomeka, huwasha, na maswali huanzia hapo.

Swali linalookoa muda kuliko yote ni hili: picha inapotea wakati gani? Mwanzoni BIOS, programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama, ndiyo inayochora, na ndiyo inayoonyesha nembo ya Dell au HP. Kisha mfumo endeshi unaanza kupanda ukitumia picha ya kawaida isiyohitaji draiva maalumu, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi. Mwishowe draiva ya kadi inashika usukani. Nembo isipotokea kabisa, Windows na Linux hazihusiki, na kupakua draiva usiku kucha hakutasaidia kitu. Nembo ikitokea halafu giza likaingia baadaye, kadi yenyewe huenda ni nzima na wa kushukiwa ni draiva. Na tatizo likionekana kwenye Windows lakini lisionekane kwenye Linux kwa mashine ileile na kadi ileile, umeshapata nusu ya jibu.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kushika bisibisi, andaa flashi ya GB 16 yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Jambo la pili, kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), nakili ufunguo wa dharura kwenye karatasi au simu. Ukibadilisha mipangilio ya Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu wakati wa kuwaka) kwenye BIOS, Windows inaweza kukudai ufunguo huo, na usipokuwa nao data yako inabaki imefungwa.

Skrini nyeusi tangu mwanzo, hata nembo haionekani

Anza na waya wa monita. Mashine nyingi za ofisi huzima grafiki ya ndani ya prosesa mara tu zinapoona kadi kwenye sloti, kwa hiyo lile tundu la zamani la VGA au DisplayPort kwenye ubao mama halitoi tena picha. Waya lazima uhamie kwenye kadi.

Hapo ndipo linapoibuka suala la monita za VGA, ambazo bado zimejaa kwetu. Kuanzia mfululizo wa GTX 10 uliotoka mwaka 2016, chipu za NVIDIA hazitoi tena mawimbi ya analojia. AMD ilitangulia, kwa R9 290 ya mwaka 2013. Tundu la DVI kwenye kadi hizi huwa ni DVI-D. Litazame kwa karibu: upande mmoja kuna mwanya mlalo wa ulimi bapa. Kama mwanya huo hauna vitundu vinne vidogo, viwili juu na viwili chini, basi hilo ni DVI-D, na ile adapta rahisi ya DVI kwenda VGA haitaingia. Wapo wanaokata pini za adapta ili iingie. Itaingia, lakini picha haitakuja, kwa sababu mawimbi yenyewe hayapo. Nunua kigeuzi chenye saketi ndani, cha HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA.

Waya ukiwa sawa, fungua kasha. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha tazama kama kadi imezama yote kwenye sloti. Kwenye makasha ya ofisi, bamba la chuma la nyuma mara nyingi huizuia kadi upande mmoja: ukikaza skrubu, upande wa pili unanyanyuka milimita moja au mbili, na hiyo inatosha kuipoteza picha. Kile kishikizo cha plastiki mwishoni mwa sloti lazima kilie "tak".

Sasa umeme. Sloti ya PCIe x16, ile inayochomekwa kadi, hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi huwa na soketi yake ya umeme: ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza wati 150. Soketi hiyo ikiachwa tupu, kadi nyingi hazitoi picha hata kama feni zinazunguka. Tatizo ni kwamba pawa saplai za mashine hizi hazina nyaya hizo. OptiPlex 7010 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, na ile ya mnara mdogo ina wati 275. Duka litakuuzia adapta ya kutoka SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini 6. Achana nayo. Kiunganishi cha SATA kimepimwa kubeba takribani wati 54 kwenye laini ya volti 12, nawe unakitaka kibebe 75. Plastiki huyeyuka, na nimeona viunganishi vilivyoungua hadi kuwa vyeusi. Kwa mashine hizi chagua kadi isiyo na soketi ya umeme: GT 1030 yenye wati 30, au GTX 1050 Ti na GTX 1650 za wati 75 katika umbo fupi. Hata hapo soma kwanza maelezo ya mashine yako, maana watengenezaji wengine huwekea sloti za makasha membamba kikomo kilicho chini ya wati 75.

Sikiliza pia mashine inasema nini. HP Compaq za miaka ile hutumia taa ya kuwashia: ikimweka nyekundu mara 4 kisha ikatulia, pawa saplai imezidiwa, ikimweka mara 6, tatizo liko kwenye grafiki. Dell nyingi za zamani hulia mara 6 kwa hitilafu ya kadi ya grafiki. Mashine inayolia inakusaidia kuliko inayokaa kimya.

Kama yote hayo yako sawa na bado ni giza, shuku BIOS. Mashine za mwaka 2010 na 2011 zilitengenezwa wakati watengenezaji wanahama kutoka BIOS ya zamani kwenda UEFI, mrithi wake, na baadhi yake hukataa kadi za miaka ya baadaye. Rudisha kadi ya zamani au tumia grafiki ya ndani, pakua BIOS mpya kabisa kutoka tovuti ya mtengenezaji, isasishe, kisha jaribu tena. Kinyume chake pia hutokea: kadi ya zamani sana haina programu ya UEFI ndani yake, na ukiiweka kwenye mashine ambayo CSM (hali ya UEFI kuiga BIOS ya zamani) imezimwa haitatoa picha. Hapo washa CSM. Lakini usiiwashe wala kuizima kiholela. Windows iliyosakinishwa kwa mtindo wa zamani kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) haitawaka tena CSM ikizimwa, mpaka diski igeuzwe kwa programu ya mbr2gpt inayokuja na Windows 10 yenyewe.

Nembo inaonekana, kisha giza

Kwenye Windows, chanzo cha kawaida ni draiva ya kadi ya zamani iliyobaki, hasa ukitoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Windows itaianzisha upya draiva ya grafiki, na wakati mwingine picha inarudi palepale. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na P, maana huenda Windows inapeleka picha kwenye tundu ambalo halina monita.

Isiporudi, iingize mashine kwenye Safe Mode. Kama huoni kitu kabisa, izime kwa kitufe katikati ya kuwaka mara mbili au tatu mfululizo. Windows 10 na 11 zitaleta zenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo utachagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu namba 4. Ukiwa ndani, tumia programu ya Display Driver Uninstaller kufuta draiva za kampuni zote mbili. Kata intaneti kwanza, chomoa waya au zima Wi-Fi, kwa sababu Windows Update ina tabia ya kusakinisha draiva yake kimyakimya kabla hujaweka yako. Ukimaliza, sakinisha draiva uliyoipakua mapema kutoka NVIDIA, AMD au Intel, ndipo urudishe intaneti.

Kwenye Linux hadithi ni tofauti, na inategemea unaenda kadi gani. Kwa kadi za AMD, draiva ya amdgpu imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), hivyo mara nyingi hakuna cha kusakinisha. Giza likiingia, karibu kila mara kerneli au fimwea (programu ndogo inayopakiwa kwenye kadi) ni ya zamani kuliko kadi. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 ikiwa na kerneli 5.15, Radeon RX 7900 XTX ilitoka Desemba mwaka huohuo. Kerneli ile haikuweza kuijua kadi ambayo haijazaliwa. Sasisha kerneli pamoja na kifurushi cha linux-firmware, au hamia toleo jipya la Ubuntu.

Kwa NVIDIA, ingia kwanza kwa njia ya dharura. Kompyuta inapowaka, bonyeza Esc au shikilia Shift mpaka menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake ongeza:

nomodeset

Bonyeza F10. Skrini itakuja, picha ikiwa kubwa na isiyo laini, lakini utaweza kufanya kazi. Andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

sudo ubuntu-drivers install

Washa upya. Ikiwa Secure Boot imewashwa, zingatia hapa: wakati wa kusakinisha uliombwa nenosiri, na mashine ikiwaka tena italeta ukurasa wa bluu wenye maneno "Enroll MOK", yaani sajili ufunguo wa saini ya draiva. Watu wengi hubonyeza Continue kwa haraka na kuupita. Ukiupita, kerneli itaikataa draiva kwa sababu saini yake haijatambuliwa, nawe utabaki ukisakinisha draiva ileile tena na tena bila mafanikio. Chagua Enroll MOK, andika lile nenosiri, ndipo uendelee. Kujua hali ilivyo, amri mbili zinatosha:

mokutil --sb-state
lspci -nnk | grep -A3 VGA

Ya kwanza inaonyesha kama Secure Boot imewashwa. Ya pili ina mstari wa "Kernel driver in use". Ukisoma nvidia, umemaliza. Ukisoma nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA inayokuja na Linux), draiva ya NVIDIA yenyewe haikushika. Picha utaiona, lakini kadi kama GTX 1050 Ti chini ya nouveau hukwama kwenye kasi ya chini kabisa na utadhani umeuziwa kadi dhaifu. Mstari huo usipokuwepo kabisa, hakuna draiva yoyote iliyoishika kadi.

Aliyetoka NVIDIA kwenda AMD ana usafi wa kufanya. Aondoe vifurushi vya zamani kwa

sudo apt purge '^nvidia-.*'

na atazame kama kuna faili /etc/X11/xorg.conf. Faili hilo likiwepo, mara nyingi bado linaitaja kadi ya zamani kwa jina, na X (programu ya Linux inayochora skrini) inakataa kuanza. Libadilishe jina, washa upya.

Picha ipo, lakini Windows inasema Code 43

Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", draiva haijasakinishwa tu, kazi ni nyepesi. Ukiona jina la kadi yako likiwa na alama ya njano na ujumbe wa Code 43, Windows inasema kadi imeripoti hitilafu na imeisimamisha. Kwenye soko la mtumba ujumbe huu unahitaji umakini, kwa sababu unaficha mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kadi bandia. Ziko kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti ambazo ndani zina chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, zilizopachikwa BIOS ya uongo (kadi nayo ina BIOS yake, mbali na ile ya ubao mama). Windows inasoma jina lililoandikwa kwenye BIOS na kulikubali, kisha draiva ya kweli inashindwa kuongea na chipu. Ishara ya kwanza huonekana kwa macho: tundu la VGA kwenye kadi inayodai kuwa GTX 1050 Ti, wakati chipu halisi ya kadi hiyo haitoi VGA. Programu ya GPU-Z, kuanzia toleo 2.12.0, huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi za namna hii.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi uko kwenye ile flashi ya Ubuntu. Washa nayo kwa chaguo la kawaida, siyo lile la grafiki salama, fungua terminali na andika:

sudo dmesg | grep -i nouveau

Draiva ya nouveau haijali jina lililobandikwa kwenye BIOS. Inaiuliza chipu yenyewe. Katika mistari ya mwanzo utasoma neno NVIDIA likifuatiwa na jina la chipu. GTX 1050 Ti ya kweli itasema GP107. Ukisoma GF106 au GF116, una GTS 450 au GTX 550 Ti mkononi, hata sanduku liseme nini. Piga picha ya skrini hiyo na umrudie muuzaji nayo. Ni ushahidi usiobishaniwa, na kwa mtazamo wangu kipimo hiki kingefanyika dukani kabla pesa haijatoka mfukoni.

La pili ni kadi zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa RX 470, 480, 570 na 580. Wachimbaji walibadilisha BIOS zake ili kumbukumbu iende kwa mpangilio wao. Draiva ya AMD kwenye Windows hukagua saini ya BIOS, ikikuta imechezewa inaikataa kadi. Linux haifanyi ukaguzi huo, na kadi ileile itafanya kazi humo bila shida. Kwa hiyo RX 580 inayokataa Windows na kukubali Ubuntu imeshakueleza inachougua: inahitaji kurudishiwa BIOS yake halali. Kadi nyingi za aina hiyo zina swichi ndogo pembeni ya kuchagua BIOS ya akiba. Zima mashine, isogeze, jaribu tena kabla ya kufikiria kuandika BIOS upya.

La tatu ni kadi mbovu kweli. Hiyo huonyesha mistari, vidoti vya rangi au giza kwenye BIOS, Windows na Linux bila kuchagua.

Inafanya kazi vizuri, kisha inazima ukianza kazi nzito

Tofautisha kuzima kwa kompyuta nzima na kuganda kwa picha. Kompyuta ikizima ghafla kama umeme umekatika, na Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows) ikaonyesha Kernel-Power 41 bila maelezo mengine, elekeza macho kwenye pawa saplai. Ikiwa picha inapotea sekunde chache na kurudi, na unaona tukio namba 4101, draiva iliacha kujibu na Windows ikaianzisha upya: hapo ni draiva, joto au kadi yenyewe. Kwenye Linux, baada ya kuwasha upya, soma

journalctl -k -b -1

Ukikuta NVIDIA inaripoti Xid 79, yaani kadi imepotea kwenye basi (njia ya data kati yake na ubao mama), shuku umeme, sloti au joto kabla ya kushuku programu.

Joto hupimwa kirahisi. Task Manager ya Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea huonyesha joto la kadi, na Linux ina nvidia-smi au sensors. Kadi ya mtumba iliyojaa vumbi la miaka inastahili kusafishwa na kupakwa grisi mpya ya joto kabla ya kuhukumiwa.

Kuna pia malalamiko ya "kadi mpya lakini kutoa video ni taratibu kama zamani". Kwa RX 6400 jibu liko ndani ya chipu: haina kisimbaji cha video (sehemu inayobana video wakati wa kuitoa) kabisa, na inatumia njia nne tu za PCIe, hivyo kwenye sloti ya kizazi cha 2 au cha 3 inapoteza nguvu zaidi. Ni kadi nzuri ya kuchezea kwenye mashine mpya, lakini simshauri mhariri wa video wa OptiPlex aichukue. GTX 1650 itamfaa zaidi.

Kadi ni nzima, draiva imestaafu

Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700, ziliishia kwenye mfululizo wa draiva 470. Vizazi vilivyofuata vya Maxwell na Pascal, pamoja na GTX 1050 Ti ninayoitaja sana hapa, zinaishia kwenye 580. Kwenye Linux hili linauma zaidi kuliko Windows: ukisasisha mfumo mzima na draiva ikaruka kupita 580, asubuhi utaamkia skrini nyeusi bila kugusa kifaa chochote. Rudi kwenye mfululizo wa 580 na uufungie hapo. Kwa anayehama kwenda kadi mpya za NVIDIA za RTX 50, ni kinyume: lazima achague aina ya draiva yenye moduli huria za kerneli, ile ya zamani haizitambui kadi hizo.

Mac Pro

Kwa Mac Pro za mwaka 2010 na 2012, giza wakati wa kuwaka linaweza kuwa hali ya kawaida tu. Kadi ya PC haina programu ambayo Mac hizo huhitaji kuchora skrini ya mwanzo, hivyo hutaona nembo ya tufaha wala menyu ya kuchagua diski. Subiri mpaka draiva ya macOS ipande, ndipo ukurasa wa kuingia utokee. Kwa sababu hiyohiyo zima FileVault (usimbaji wa diski wa macOS) kabla ya kubadilisha kadi, la sivyo utadaiwa nenosiri kwenye skrini usiyoiona.

Aina ya kadi ni muhimu kuliko nguvu yake. Draiva za NVIDIA za kupakua ziliishia macOS High Sierra. Mojave, toleo lililofuata, inataka kadi yenye Metal (teknolojia ya grafiki ya Apple), na Apple iliorodhesha Sapphire Pulse RX 580 ya GB 8 kuwa miongoni mwa zinazofaa. GTX 1050 Ti inayowaka vizuri kwenye High Sierra itakuwa mzigo ukipanda Mojave. Umeme hutoka kwenye soketi mbili ndogo za pini 6 za ubao mama, wati 75 kila moja. RX 580 ya pini 8 inahitaji waya unaoziunganisha zote mbili, siyo moja.

Mac Pro ya 2019 inakubali Radeon za mfululizo wa RX 6800 na 6900, lakini RX 7000 hazina draiva kwenye macOS. Ile ya 2023, yenye chipu ya Apple yenyewe, ina sloti za PCIe ila haipokei kadi ya grafiki ya aina yoyote, kwa hiyo hakuna draiva ya kutafuta.